Mama yupo nyumbani, watoto wanataka Disney: abaki na mtoto mdogo au twende naye?

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Ninaishi na mume wangu jimbo la Georgia hapa Marekani, nje kidogo ya Atlanta. Mume wangu anaendesha lori, mimi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 6, wa kiume wa miaka 4, na kitindamimba wa mwaka mmoja na miezi miwili. Huyu wa mwisho ameanza kutembea juzijuzi tu na bado ananyonya, nikirudi kazini asubuhi namkuta ananisubiri.

Tangu binti yetu aanze shule hana wimbo mwingine ila Disney World, lile eneo kubwa la michezo la Orlando, Florida. Kila likizo ikiisha wenzake wanarudi darasani na zile kofia za masikio ya panya, naye anakuja kuuliza, "Sisi zamu yetu lini?" Baba yake alimwahidi kwamba akijua kusoma vizuri tutakwenda. Sasa anasoma mpaka maandishi ya kwenye boksi la maziwa. Tumekuwa tukidunduliza, tumefikisha dola 4,500. Mpango wa baba watoto ni kwenda Orlando mwezi wa Julai, siku nne, bustani zake zote nne za michezo, kila siku moja, tulale hoteli chumba kimoja chenye vitanda viwili.

Mwezi wa Aprili mama yangu alipata viza akaja kututembelea. Ana miaka 68. Ameruhusiwa kukaa miezi sita, mwisho wa Septemba anarudi. Ndiyo mara yake ya kwanza kuwatia machoni wajukuu wawili wadogo. Magoti yanamsumbua, hata kutoka mlangoni mpaka kwenye gari anashikilia ukuta. Lakini ndani ya nyumba hatulii: atapika, atafua, atamwogesha mtoto, na hawa wakubwa anawafundisha kusema shikamoo na kula kwa mkono wa kulia.

Tatizo lilianza hapa. Mume wangu aliniambia, "Mama abaki na mdogo. Kule ni kutembea kutwa juani, ataumia bure. Na huyu mtoto hatakumbuka chochote." Alisema kwa upole, ila mimi yalinichoma. Mama yangu hakuvuka bahari kuja kuwa yaya. Nikamwambia basi twende wote. Akajibu kwamba bajeti itavunjika na chumba hakitutoshi. Nikapandwa na hasira, nikamwambia basi tusiende kabisa, hizo pesa zikaezeke nyumba ya mama Tanga, maana kaka yangu amekwama kwenye bati. Akanyamaza.

Toka siku ile anachelewa kurudi, akija anakula jikoni peke yake. Na kusema kweli, tangu mama afike hakai sebuleni. Nyumba yetu ni vyumba viwili, mama analala na watoto. Mume wangu akimkuta mama kwenye kochi, anasalimia anapita. Nahisi amemchoka mama yangu.

Mama mwenyewe sijamwambia kitu. Juzi alisikia watoto wakitaja safari, akaniuliza mnakwenda wapi. Nikamjibu, "Bado tunapanga, mama." Akasema, "Mimi popote tu, mwanangu," akaendelea kukunja nguo.

Wifi yangu ananiambia niache kujitesa, bibi kazi yake ndiyo hiyo. Rafiki yangu anasema nikimwacha mama nitajuta maisha yangu yote. Chumba kinatakiwa kulipiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Nishike lipi, shangazi?

Mama Watatu, Georgia

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama yako salamu zangu.

Barua yako nimeirudia, maana kuna mambo mazito umeyasema kwa nusu sentensi kisha ukapita. Wewe unaniuliza kama mama aende au abaki. Kwa nilivyoelewa, umebeba mizigo mitatu kwa pamoja: ahadi ya binti yako, heshima ya mama yako, na ukimya wa mumeo. Na kila ukiushika mmoja, unaona kama unaiangusha mingine miwili. Hapo mtu yeyote angechoka, sembuse anayekesha kazini.

Nianze na mumeo, kwa sababu ndiye unayemhukumu haraka kuliko wote. Unasema amemchoka mama yako, na ushahidi wako ni kwamba hakai sebuleni, anakula jikoni, akimkuta mama kwenye kochi anasalimia na kupita. Mwanangu, wewe ni mtu wa Tanga. Huyo ni mkwe wake. Mwanamume aliyelelewa vizuri kwetu akikaa nyumba ya vyumba viwili na mama mkwe wake kwa miezi, atafanya nini zaidi ya hayo? Hawezi kujinyoosha kwenye kochi na kaptura mama mkwe akiwa anatazama taarifa ya habari. Inawezekana amechoka, sikatai, na huku kuchelewa kurudi kulianza baada ya ugomvi wenu, kwa hiyo nako kuna lake. Lakini inawezekana pia unachokiona kama chuki ni adabu iliyokosa nafasi.

Sasa rudi kwenye neno lake la pili, kwamba chumba hakitoshi. Wewe ulisikia hesabu ya pesa. Mimi nimesikia mkwe. Chumba kimoja, vitanda viwili, bafu moja, yeye na mama mkwe wake usiku nne. Haiwezekani, na yeye anajua haiwezekani, na pengine hana ulimi wa kukuambia. Ni rahisi zaidi kwake kusema bajeti. Sijui kama ndivyo, huenda nakosea. Ila unaweza kumuuliza kwa njia inayomfungulia mlango: "Baba Fulani, hivi kinachokusumbua ni chumba?" Halafu umwache ajibu. Na lile suala la bati la Tanga usilirudie kwa sasa. Nyumba ya mama ni jambo la haki kabisa na linastahili kikao chake, ila lilivyotoka siku ya hasira, yeye alisikia kwamba ahadi aliyompa binti yake ni upuuzi.

Twende kwenye lile wazo la mama kubaki na mtoto. Wifi yako na rafiki yako wote wawili wamelifanya jambo la heshima, mmoja anasema ni kazi ya bibi, mwingine anasema ni dhambi. Mimi nitaanza chini zaidi. Mtoto bado ananyonya. Hilo umeliandika mwanzoni na hukulirudia tena. Siku nne bila titi, mara moja, wakati pia baba hayupo, wala kaka, wala dada. Kuna watoto wanaopita hapo salama na kuna wanaolia mpaka sauti inakauka. Wewe nawe maziwa yatakujaa huku upo kwenye foleni. Kama ulikuwa tayari unafikiria kumwachisha, hilo linahitaji kuanza pole pole wiki kadhaa kabla, usiku huu, kesho usiku, na bibi akiwepo kusaidia.

La pili ni mama peke yake. Mtaa wenu bila gari hautoki. Akiteleza bafuni na yale magoti, au mtoto akipandisha homa saa nane za usiku, nani anagonga mlango? Anajua kupiga 911, ile namba ya dharura, na kutaja anwani yenu kwa Kiingereza? Yupo jirani Mswahili wa dakika tano? Kama majibu yapo na ni mazuri, basi kubaki kwake si jambo la aibu. Wapo mabibi ambao kupewa mjukuu usiku na mchana, bila mtu wa kuwaambia pampasi inavyofungwa, ndiyo likizo yenyewe. Huenda mama yako ni mmoja wao. Hujamuuliza. Lakini kama majibu hayapo, basi swali la yaya au si yaya linakuja nyuma sana.

Upande wa pili, kwenda wote. Hapa nataka tuitazame Disney World yenyewe, kwa sababu mpango wa mumeo umepangwa kwa kuhesabu bustani, na miguu itakayozitembea haijahesabiwa. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 100. Mtu mzima si ajabu kutembea kilomita 10 na zaidi kwa siku moja. Magic Kingdom, ile yenye kasri analoliota binti yako, ukiegesha gari bado hujafika: unapanda kwanza treni ya juu au kivuko cha kwenye ziwa ndipo ulifikie geti. Orlando mwezi wa Julai joto linagonga nyuzi 33 na unyevu wake si mgeni kwa mtu wa Tanga. Tofauti ni kwamba Tanga saa saba mchana mtu yuko barazani, hayuko kwenye foleni. Alasiri mvua za radi ni za kawaida, na radi ikikaribia michezo ya nje inasimamishwa.

Kwa hiyo hata bila mama, bustani nne kwa siku nne na mtoto wa miaka 4 ni mwendo mkali. Michezo kadhaa ya kupanda ina kipimo cha urefu wa mtoto. Ile treni ya wale vijeba saba wa hadithi ya Snow White inataka sentimita 97, Space Mountain, treni ya kasi ya gizani, inataka 112. Pimeni watoto ukutani nyumbani kabla hamjawaambia watapanda nini, maana kilio cha getini ni kibaya. Kwa umri wa wanao, Magic Kingdom peke yake inaweza kuwajaza siku mbili. Hebu muulizeni binti anachokitaka hasa. Ahadi ya baba ilikuwa kwenda Disney, haikuwa bustani nne. Mkikuta anataka kasri, kofia ya masikio na binti mfalme mmoja wa kupiga naye picha, hesabu yote inabadilika.

Na hesabu ya pesa nayo si kama mlivyoifikiria. Mtoto aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye tiketi, anapita bure, kwa hiyo kumwacha kitindamimba nyumbani hakuokoi tiketi hata moja. Kuanzia miaka 3 hadi 9 wanalipa bei ya mtoto, ambayo ni ndogo kidogo tu kuliko ya mtu mzima. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima ni zaidi ya dola 100 na inapanda kulingana na tarehe; ukichukua za siku kadhaa, bei ya kila siku inashuka. Chakula mnaruhusiwa kuingia nacho, mradi hakuna vyombo vya kioo, na maji ya baridi ya kwenye kikombe mnapewa bure kwenye vibanda vya chakula. Chapati za mama zitafika.

Kinachoongezeka mama akija ni mahali pa kulala, na kama mkitaka, tiketi yake. Si lazima iwe ya siku zote. Mji wa jirani wa Kissimmee umejaa nyumba za kupangisha kwa siku, zenye vyumba vitatu na jiko. Nyumba ya namna hiyo inampa mama mlango wake na bafu lake, na mume wako anapata pa kuvulia viatu. Bei zake zinatofautiana sana, kwa hiyo linganisheni na zile hoteli mkijumlisha na chakula mtakachojipikia. Tahadhari yangu ni moja na ni kubwa: nyingi zina bwawa la kuogelea nyuma ya mlango wa vioo. Una mtoto aliyejifunza kutembea juzi. Bila uzio na kitasa asichokifikia, nyumba hiyo iache, hata ikiwa ya bei nafuu kiasi gani.

Ukiwa na nyumba, siku zinaweza kugawanyika. Mnaondoka alfajiri na wakubwa, saa sita mnarudi, mtoto ananyonya, watu wote wanalala, jioni anayetaka anarudi. Kuna siku baba anakwenda na wakubwa na wewe unabaki na mama yako. Na mkiwa bustanini na mdogo, kuna utaratibu wa zamu, hauna malipo: baba anapanda na binti, wewe unabaki na mtoto, kisha unapanda wewe bila kuanza foleni upya. Kila bustani ina kituo chenye chumba tulivu cha kunyonyeshea na meza za kubadilishia pampasi.

Kama kutakuwa na siku moja ya mama, ipo bustani moja ambayo ningependa uifikirie. Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, ina kijiji kinachoitwa Harambe, kilichojengwa kufanana na mji wa pwani yetu, na waliokibuni waliitazama Lamu. Kuta zimebambuka chokaa makusudi, mabango yana Kiswahili. Kutoka hapo linaondoka gari la wazi liitwalo Kilimanjaro Safaris, dakika kama 20 kati ya twiga, tembo na simba wa kweli, na halina kipimo cha urefu: bibi wa miaka 68 na mjukuu wa mwaka mmoja wanakaa benchi moja. Wanao, ambao Kiswahili chao najua kinakatika katika, watamwona bibi yao akisoma kuta ambazo watu wote waliowazunguka hawawezi kuzisoma. Mimi wazo hilo linanigusa, lakini silisukumi kwako, maana mama anaweza kutazama mji wa Waswahili wa kuigiza akahisi upweke tu, au akasema twiga angewaona mbugani Saadani akiwahitaji. Yeye ndiye wa kusema.

Magoti yake yatahitaji kiti cha magurudumu, na hivyo vinakodishwa getini. Usimshtukize nacho. Kwa wazee wetu wengi kukalishwa kwenye kile kiti ni kutangazwa mgonjwa. Mwonyeshe picha mapema, mwambie wapo wazee chungu nzima wanaovitumia kule kwa ajili ya umbali tu. Akikataa, amekataa, na siku hiyo itakuwa fupi.

Safari yenyewe kwa gari ni kama kilomita 700, saa saba bila kusimama, na nyie mtasimama. Mama ashuke anyooshe miguu kila baada ya saa mbili. Pasipoti yake iwe kwenye mkoba wake.

Sasa namna ya kumuuliza. "Mimi popote tu" ndilo jibu ambalo kila mama wa kwetu atatoa akiwa nyumbani kwa mkwewe, kwa sababu hataki kuwa mzigo na hataki kuonekana anadai. Ukimwuliza, "Mama unataka kwenda?" atakurudishia lile lile. Mpe mambo yenye umbo, na umwambie mkiwa wawili, mikono ina shughuli, mnachambua mchele au mnakunja hizo nguo. "Mama, kuna nyumba tutapanga yenye chumba chako. Kuna siku moja ya kukaa kwenye gari na watoto kutazama wanyama. Siku nyingine nitakuwa natoka asubuhi narudi mchana. Au ukiona bora ubaki hapa, nitamwomba fulani alale nawe. Au tuahirishe." Akishika moja, atakuwa amechagua bila kukataa mtu. Msikilize na anachokirudia: akiuliza sana kuhusu choo, hofu yake ni choo, akiuliza ni shilingi ngapi, anaogopa kuwagharimu.

Kuahirisha nako kupo mezani. Mkisubiri vuli, joto litapungua, lakini mama atakuwa ameshaondoka. Mkisubiri miaka miwili, mdogo atatembea vizuri ila atahitaji tiketi, na binti yako atakuwa na miaka 8, na lile kasri huenda likawa limepungua ukubwa machoni mwake. Unaweza pia kumwambia binti ukweli wa umri wake, kwamba bibi yupo mpaka Septemba na Disney itakuwepo baadaye. Wapo watoto wanaolipokea hilo kwa moyo mkunjufu na wapo wanaolibeba kama kinyongo kwa bibi. Wewe unamjua wako.

Kuhusu kujuta maisha yako yote, hiyo kauli ya rafiki yako iweke pembeni kwanza. Mama yako ana wiki nyingi nyumbani kwako kabla ya Septemba, na siku nne za Orlando hazitakuwa ndizo kipimo cha upendo wako kwake, utakavyoamua kwa vyovyote.

Ongea na mumeo kwanza, mama awe wa pili, ili usije ukamletea mama jambo ambalo mumeo hajalijua ikaonekana mmemzunguka. Tafuta nafasi inayokubali kufutwa bila kupoteza pesa, zipo, ili mwisho wa mwezi usikufanye uamue kabla hujamaliza kuuliza. Na hata kabla ya mazungumzo hayo, fungua ile karatasi ya bima ya matibabu ya mama, kama aliikata alipokuja, uone kama inafanya kazi na ni hadi tarehe gani. Kama hakuikata, lishughulikie hilo wiki hii, aende Florida au asiende, kwa sababu gharama ya kitanda cha hospitali huko mliko haimwulizi mgeni ana akiba kiasi gani.

Niandikie mkishaongea.